Mashine Iliyowaka Makadara na Kuzima Majengo

Kufikia miaka ile ya mwisho ya tisini, hakuna kitu chenye waya ambacho kingenishangaza. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nilikuwa nimefungua redio za kila aina, televisheni zilizoanguka ngazini, amplifaya za kanisa zilizomwagiwa chai, na pasi moja ambayo mwenyewe alikuwa ameichemsha kwenye sufuria ili aitoe kutu. Zote zilitoka kwangu zikifanya kazi. Na shule mimi niliiacha darasa la tano, kule kwetu magharibi, karo ilipokwisha. Watu wenye vyeti vya chuo walikuwa wanakaa kwenye benchi langu pale Makadara, wametulia kama wagonjwa, wakisubiri niwaambie redio yao itapona au haitapona.

Duka langu lilikuwa mlango mmoja tu, karibu na mahakama, na watu waliokuja kusikiliza kesi walinijua. Nje niliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: LETA KITU CHENYEWE TU. HATUPOKEI WAYA, RIMOTI WALA KITAMBAA. Sheria hiyo sikuitunga tu ovyo. Mwanzoni watu walikuwa wanaleta televisheni na kila kilicho chake, hadi kile kitambaa cha kushonwa kinachokaa juu yake. Kisha siku ya kuchukua unaambiwa, "Fundi, kitambaa changu kilikuwa na maua manane, hiki kina sita." Nimewahi kulipa kitambaa mara mbili. Ndiyo nikasema basi, mimi natibu mgonjwa, nguo zake zibaki nyumbani. Mafundi wengine wa Jogoo Road waliiga sheria yangu, na sikuwadai kitu.

Kompyuta nilikuwa nimefungua tatu. Mbili zilipona.

Ya nne ilikuwa ya mama mmoja wa Majengo, kule Pumwani. Alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja mjini, mpaka walipoanza kupunguza wafanyakazi na jina lake likatoka kwenye orodha. Kiinua mgongo alichopewa hakukila. Alinunua kompyuta na printa ya rangi, akaziweka katika chumba cha mbele cha nyumba yao, moja ya zile nyumba za zamani za udongo na fito zenye paa la mabati, akaandika mlangoni kwamba anachapa barua, kadi za harusi na vyeti. Dada yake aliyeolewa Ulaya akamtumia kamera ndogo, ya mviringo kama yai la bata. Kamera ile haikuwa na filamu wala betri. Ilichomekwa nyuma ya kompyuta, kwenye lile tundu bapa wanaloliita USB, na kwa waya huo mmoja ilipeleka picha na ikapata stima yake humo humo. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia tu.

Kwa ajili ya kamera hiyo akapata kazi kubwa. Shule moja ya chekechea pale mtaani ilikuwa inafanya mahafali, watoto wa miaka sita wamevaa majoho kama maprofesa, na mwenye shule, mwalimu mstaafu asiyetoka nyumbani bila tai, alitaka kila mtoto apewe cheti chenye picha yake. Watoto arobaini na wanane. Mahafali ni Jumamosi, vyeti viwe mkononi Ijumaa saa sita mchana. Akiridhika, mitihani yote ya shule na ripoti zake zingekuwa zinachapwa na mama huyu. Asiporidhika, kazi inapelekwa mjini, na mama anabaki na mashine ya kuchapa kadi ya harusi moja kwa mwezi.

Jumatatu alikuwa amekwisha kuwapiga picha watoto ishirini na wanane. Jumatatu hiyo hiyo, mchana, akanijia dukani jasho linamtoka chini ya buibui.

"Fundi, mashine imekata roho."

"Haijakata roho, mama. Imezimia. Kuna tofauti."

"Hiyo tofauti utanieleza ikishaamka. Picha za watoto wa watu zimo ndani."

Nikaenda naye. Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka nusu mzunguko, kitaa cha kijani kikakonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, safari hii hata nusu mzunguko hakuna. Nikachomoa plagi ya ukutani, nikangoja kama dakika moja, nikarudisha, nikabonyeza. Nusu mzunguko, konyeza, kimya. Nikakunja uso vile daktari hukunja.

"Naenda nayo," nikasema.

"Na hizi nyaya, na kamera?"

"Sheria ya duka, mama. Kitu chenyewe tu."

Nikachomoa kila kitu nyuma, nikalichukua lile sanduku peke yake, nikalipakia kwenye mkokoteni juu ya gunia tupu, tukaenda nalo Makadara. Nikaliweka mezani, nikaliunganisha na stima na skrini yangu ya majaribio. Nikabonyeza. Ikawaka. Ikawaka kama vile haijawahi kuugua maisha yake. Nikaifungua hata hivyo, maana huwezi kumwambia mteja umeiangalia tu ikapona. Nikapuliza vumbi, nikatia feni tone la mafuta ya cherehani, nikaiacha inanguruma mpaka jioni. Jumanne asubuhi mkokoteni ukairudisha Majengo. Nikachomeka kila kitu mahali pake, nikamwita mama aje aone kazi ya mtu mzima.

Nusu mzunguko. Konyeza. Kimya.

"Ulisema umeitibu," akasema mama.

"Imetikiswa njiani."

Mkokoteni tena. Makadara ikawaka kabla sijatoa kidole kwenye swichi. Sasa nikaona hapa hapana mchezo. Nikatoa ile pawa saplai ya ndani, kile kisanduku kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa, nikaipima kwa mita yangu, nyaya zake zote za kutolea stima zikasoma sawasawa. Nikalehemu upya viungo vyake vyote, hata vilivyokuwa vizima. Jumatano asubuhi tukairudisha. Mwenye mkokoteni akaniambia, "Mzee, hii safari ya nne. Safari ya sita naipa jina la ukoo wetu."

Haikuwaka.

Chumba kilikuwa na watu kama saba wakati huo, maana Majengo hakuna ugonjwa wa mtu mmoja. Mama akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Fundi, stima ya Makadara ni tamu, hii yetu ina chumvi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hapo hapo nilipata jibu, au nilidhani. Ndiyo! Stima! Mashine nzima kwangu, mgonjwa kwake: kilichobadilika ni stima. Nikatumbukiza mita kwenye soketi ya ukutani mbele ya watu wote. Mia mbili thelathini na tano. Nikangoja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijana wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma, na alipogusisha tu fimbo yake, zzzz, mita ikaanguka mpaka mia moja tisini.

"Mnaona?" nikasema. "Mnaona kwa macho yenu?"

Wakaona. Nilizungumza pale kama robo saa, na sidhani kama nimewahi kuzungumza vizuri vile tena. Kisha nikazunguka nyuma.

"Niaje, buda?" akasema yule kijana, akainua miwani yake myeusi.

"Wewe unaua kompyuta ya mama."

"Mimi? Mimi nilikuwa nachomelea hapa kabla hujajua kompyuta ni ya kuliwa ama ya kukaliwa."

"Mita haidanganyi. Ukigusa chuma, stima ya nyumba nzima inaanguka. Ile mashine haitawaka ukiwa unafanya kazi."

"Na geti la mtu? Nimekula deposit yake."

Hapo mama alikuwa amenifuata. "Mwanangu," akamwambia, "mtoto wako ni wa ishirini na tisa. Bado hajapigwa picha."

Kumbe binti yake alikuwa mmoja wa wale maprofesa wadogo. Kijana akaangalia geti lake lililokuwa nusu, akaniangalia mimi, akavua glavu. "Sawa. Leo na kesho. Lakini buda, ikikosa kuwaka, siku zangu mbili ni zako."

"Ziandike," nikamwambia. Nilimwambia hivyo mbele ya mashahidi, nikiwa nimeshika mkanda wa suruali.

Mashine ya kuchomelea ikazimwa. Mita ikasimama kwenye mia mbili arobaini bila kutikisika. Kompyuta: nusu mzunguko, konyeza, kimya.

Mtu mwenye elimu nyingi labda angekata tamaa hapo. Mimi nilisema stima ya Majengo imekwisha kuharibika mizizi, haitoshi kumzima mtu mmoja, inahitaji kutulizwa. Alhamisi nikaenda mjini nikanunua stabilaiza, sanduku zito lenye mshale na alama ya kijani na ya nyekundu, nikamuuzia mama kwa bei yenye faida yangu ndani, maana na mimi nakula. Mshale ukasimama kwenye kijani, mzuri kabisa. Kompyuta haikuujali mshale. Jioni ile mwenye shule alipita, akasimama mlangoni na tai yake, akasema neno moja tu kwa mama: "Kesho." Mama akamjibu, "Inshallah." Mimi nilikuwa chini ya meza, nikabaki huko huko mpaka aondoke.

Ijumaa nilifika mapema na mkokoteni. Nia yangu ilikuwa niichukue tena, nitoe diski yenye picha, nitafute mtu wa kompyuta nyingine, sijui. Nikaanza kuchomoa nyaya. Mama akaweka mkono wake juu ya sanduku.

"Leo haitoki."

"Mama, dukani kwangu inawaka."

"Najua inawaka kwako. Mimi sina wateja kwako. Kama wewe ni fundi, iwake hapa, nikiiona. Kiinua mgongo changu chote ni hiki kisanduku. Miaka kumi na tisa ya kupiga taipu barua za watu wengine."

Hakupaza sauti. Nilitaka sana apaze.

Basi nikasema moyoni, nitamwonyesha kwa njia moja tu kwamba ni stima yao. Nitaiacha tupu, bila hiki wala kile, waya wa stima peke yake, nibonyeze, izime, aone kwamba hata tupu haiwaki kwake. Nyaya zote nilikuwa nimekwisha kuzichomoa. Hata stabilaiza niliiweka kando. Nikachomeka waya mmoja ukutani, nikabonyeza.

Nilitaka izime. Naweza kusema niliiombea izime.

Ikawaka. Feni ikaimba, kitaa cha kijani kikasimama imara. Nje yule kijana wa kuchomelea akasikia makelele ya watu, akapiga mbio akaja kuchungulia. Mama hakupiga kelele. Aliniangalia.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile nimesema ukweli mtupu.

Hapo akili yangu ikaanza kufanya kazi, na ikishaanza haina breki. Nikamgeukia kijana: "Nenda ukachomelee."

"Unasema?"

"Nenda ukachomelee, na uchomelee kwa nguvu!"

Akaenda. Zzzz, zzzz, cheche mpaka kwenye mabati. Taa ya chumba ikawa inafifia na kurudi. Kompyuta ikaendelea kunguruma, haina habari. Basi stima ya Majengo haikuwa na hatia, wala kijana, na mimi nilikuwa nimewahukumu wote wawili bila kesi.

Nikaizima kwa utaratibu. Nikarudisha skrini, nikawasha: nzima. Nikazima, nikarudisha kibodi, nikawasha: nzima. Kipanya: nzima. Printa: nzima, hata ikatoa karatasi moja tupu kwa furaha. Kikabaki kitu kimoja mezani. Mama alikiona kabla sijakigusa.

"Usiniambie ni kamera ya dada yangu."

Nikachomeka. Pap! Kimya.

Nikachomoa, nikangoja ile dakika moja, nikawasha bila kamera: nzima. Nikachomeka: pap. Mara tatu. Watu wakawa wanahesabu nami kwa sauti. Jambo lenyewe nilikuwa nalijua miaka mingi, nilichokosa ni kuliona: nyaya mbili za spika zikigusana, amplifaya nzuri hujizima yenyewe isiungue. Kompyuta nayo ilikuwa inafanya hivyo. Mahali fulani kwenye waya wa kamera stima ilikuwa inapita njia ya mkato, na mashine ilikuwa inakataa kuungua. Ilikuwa na akili kutuzidi wote mle chumbani. Na kila nilipoipeleka Makadara, niliiacha kamera Majengo.

Nikaufuata waya kwa vidole. Ulitoka nyuma ya kompyuta, ukapanda ukutani, ukaenda mpaka juu ya kiti walichokalia watoto wakipigwa picha. Na sasa kuna jambo sijawaambia. Waya ule ulipigwa ukutani na mimi. Wiki mbili kabla, mama aliponiita niipandishe kamera, niliupigilia kwa vile vibano vyenye msumari, umenyooka kama uzi wa mwashi. Ukuta wa udongo haushiki msumari, kwa hiyo nilitafuta nguzo ya mti iliyo ndani ya ukuta, nikapigilia hapo, nikamwambia mama, "Msumari huu unabeba gunia la mahindi."

Mama alinisadiki. Watoto walikuwa wanakuja na nywele hazijachanwa, mama zao wakataka kioo. Na kwa kuwa ukutani kote ni udongo mtupu, kioo kilitundikwa mahali pekee panaposhika kitu: kwenye msumari wangu. Kioo chenye fremu ya mbao. Uzito wake ulikuwa umeuvuta ule msumari chini polepole, ukaingia katikati ya waya kama jino.

Nikaondoa kioo. Tundu lilikuwa linaonekana wazi, na ndani yake shaba inang'aa.

"Na huu msumari ni wa nani?" akauliza kijana wa kuchomelea, ambaye alikuwa amerudi na miwani yake kichwani.

Nilifikiria kusema ni wa mwenye nyumba.

"Ni wangu," nikasema. "Lakini mnaona ulivyoshika?"

Walicheka mpaka mama mwenyewe akakaa chini. Nikakata pale palipoumwa, ndani zikatoka nyaya nne nyembamba, nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi. Nikaunganisha rangi kwa rangi, nikalehemu, nikavika kila moja tepu yake, kisha nikaweka mita kati ya nyekundu na nyeusi, zile mbili za stima, maana sasa nilikuwa nimeshika adabu. Mita ikanyamaza, hakuna njia ya mkato. Nikachomeka. Kamera ikafungua jicho lake. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Watoto ishirini wakaitwa mbio. Wa kwanza alikuwa binti wa kijana wa kuchomelea, joho limemfika vidoleni, akakataa katakata kutabasamu. Kioo nilikishika mimi, kwa mikono yangu miwili, mtoto mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Printa ikaanza saa nne kasorobo. Mwenye shule aliingia saa sita kamili na tai yake, wino wa cheti cha arobaini na sita ukiwa haujakauka. Akangojea viwili vilivyobaki. Akavisoma vyote, kimoja kimoja, majina na picha, akainua kichwa.

"Mitihani ya muhula nitaileta Jumatatu," akasema.

Mama akasema, "Alhamdulillahi," kisha akageuka ukutani kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa buibui.

Akaagana na mwenye shule vizuri, akafunga mlango nusu, akanigeukia. Kijana wa kuchomelea alikuwa bado amesimama, amekunja mikono.

"Fundi, watu mjini wanalipa karo ya kozi ya kompyuta. Wewe umesomea hapa kwangu wiki nzima. Tupige hesabu ya karo?"

Nikamrudishia pesa za stabilaiza zote, pamoja na faida yangu. Duka la mjini lilikataa kuichukua tena, kwa hiyo ile elfu moja mia nane na hamsini niliyoinunulia ikawa yangu, na stabilaiza ikawa yangu. Kijana siku zake mbili, mia sita kwa siku. Mkokoteni safari nne, sitini kila moja. Na kwa kuwa siondoki mahali kama mtu aliyefukuzwa, niliita kreti ya soda kwa wote waliokuwa wamehesabu pap nami, shilingi mia tatu na sitini. Tangu hapo nimetengeneza kompyuta za mawakili, za makanisa na za ofisi za watu wakubwa, na huwa ninawauliza kwanza: nini kimechomekwa nyuma? Wananitazama wakidhani nilisomea mbali. Nilisomea Majengo, siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na karo yote ilikuwa shilingi elfu tatu mia sita na hamsini.